Amali, ufundi na kuchagua shule: maswali ambayo wazazi wa Moshi na Arusha huuliza

Tangu mtaala mpya uanze Januari 2024, hakuna kikao cha wazazi, uwe uko Kiboriloni au Ngarenaro, kinachoisha bila mtu kunyoosha mkono na kuuliza habari za amali, yaani mafunzo ya ufundi ndani ya sekondari. Majibu haya ni kwa mzazi mwenye mtoto wa msingi au sekondari, na kwa kijana aliyekwisha kumaliza na bado anatafuta pa kushika. Msimamo wangu nausema mapema ili usiutafute katikati ya mistari: ufundi shuleni ni jambo jema, na mzazi kuwa na uhuru wa kuchagua shule ni jambo jema, lakini karakana na mwalimu wa fani vinatangulia. Huwezi kuchagua kisichokuwepo.

Mkondo wa amali ni kitu gani hasa?

Ni njia ya pili ndani ya sekondari. Anayeingia mkondo wa jumla anaendelea na masomo tuliyoyazoea. Anayeingia mkondo wa amali anasoma masomo machache ya jumla, kama Hisabati, Kiingereza na Historia ya Tanzania na Maadili, huku akishikilia fani moja tangu kidato cha kwanza: umeme, uashi, useremala, uchomeleaji, ushonaji, kilimo, ufugaji, upishi, muziki, michezo na nyinginezo, kutegemea shule ina vifaa gani. Ulianza na shule chache, za serikali na za binafsi, na unaongezwa taratibu. Msingi wake ni Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, ambayo Rais Samia Suluhu Hassan aliizindua Dodoma Februari 2025.

Kwa hiyo ni VETA iliyohamia sekondari?

Hapana. VETA ni mamlaka ya elimu na mafunzo ya ufundi stadi iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina vyuo vyake, na vyuo hivyo vinafundisha ufundi stadi kwa ngazi ya kwanza mpaka ya tatu. Hapa kwetu kuna VETA Moshi, na Arusha kuna Njiro, ambako kipo pia chuo cha hoteli na utalii. Ithibati ya vyuo vyote, vya VETA na vya watu binafsi, iko kwa NACTVET, baraza la taifa linalosimamia elimu ya ufundi. Amali ni sehemu ya sekondari: mtoto anabaki mwanafunzi wa kidato, anavaa sare ya shule, anafanya mtihani wa kidato cha nne.

Jambo moja ambalo wenye biashara hulisahau: mafunzo ya ufundi yanalipiwa kwa sehemu na tozo ya kuendeleza ujuzi, ile SDL, ambayo mwajiri mwenye wafanyakazi kumi na kuendelea hulipa juu ya jumla ya mishahara. Mwaka 2023 ilishushwa hadi asilimia 3.5. Mwenye hoteli wa Arusha anayelalamika kwamba vijana wanatoka chuoni hawajui kutandika kitanda amechangia mafunzo hayo, na ana kila haki ya kwenda kuuliza yanafundishwaje. Wachache huenda.

Mwanangu yuko darasa la kati. Atakutana na nini?

Hapa sikiliza vizuri, maana wengi hawajapiga hesabu. Walioingia darasa la tatu Januari 2024 ndio wa kwanza kumaliza msingi kwa miaka sita. Watamaliza 2027. Mwaka huohuo wa 2027 watamaliza wale wa mwisho wa darasa la saba. Kwa hiyo Januari 2028 makundi mawili yataingia kidato cha kwanza kwa pamoja, na elimu ya lazima itakuwa miaka kumi, sita ya msingi na minne ya sekondari.

Madarasa yanajengwa, tunayaona. Swali langu kwa diwani wa kata yako ni lingine: katika hayo madarasa mapya, karakana ni ngapi? Darasa unaweza kulimaliza kwa miezi michache, ukaweka madawati na ubao, likaanza kazi. Karakana ya umeme inataka nyaya, mita, bodi za kufanyia mazoezi, stoo yenye kufuli na mwalimu anayejua kwamba mtoto wa kidato cha pili akiachwa peke yake na soketi ataigusa tu.

Si ndiyo njia ya waliofeli?

Swali hili ndilo huulizwa kwa sauti ya chini baada ya kikao, mwalimu akiwa anafunga daftari, na ndilo lenye uzito kuliko yote.

Historia yetu imelijibu vibaya. Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea, akitaka shule iache kuwa mlango wa kutokea kijijini. Miaka ya 1970 sekondari zikapewa michepuo: kilimo, biashara, ufundi, sayansi kimu. Zikawepo shule za ufundi zenye jina, Moshi Ufundi ikiwa mojawapo pamoja na Tanga, Ifunda, Iyunga, Bwiru, Musoma na Mtwara. Waliosoma huko enzi hizo hawakuwa waliofeli. Walikuwa vijana wenye alama, na wengi wakaishia kuwa mainjinia. Lakini katika shule nyingi za kawaida mchepuo ulikufa kifo cha polepole. Mashine ikiharibika hapakuwa na fungu la kuitengeneza, mwalimu wa fani akistaafu hapakuwa na wa kumrithi, mwisho karakana ikageuzwa stoo ya viti vibovu. Kilimo kikabaki kulima bustani ya mwalimu, au adhabu ya waliochelewa. Mzazi aliyesoma shule ya namna hiyo ana sababu nzuri tu ya kusita.

Kingine ni heshima, na hiki tumekitengeneza sisi wenyewe. Mtoto akipata alama nzuri tunamwambia utakuwa daktari. Akipata mbaya tunamwambia basi nenda VETA. Chuo kinapokea kijana ambaye nyumbani ameshaambiwa ameanguka. Halafu tunashangaa anachelewa kipindini.

Mkondo wa amali utapona endapo shule itaruhusiwa kuwa na mtoto mwenye A ya Hisabati anayechagua umeme kwa kupenda. Ukianza kupewa wale wa mwisho kwenye orodha ya ufaulu, utakwenda njia ya michepuo ile. Kwa hiyo uliza shule: wanafunzi wa amali mmewapataje? Wameomba wenyewe, au wamepangwa baada ya wengine kuchaguliwa?

Akishika ufundi, mlango wa chuo kikuu unafungwa?

Haufungwi, ila njia ina ngazi zake. Ufundi stadi ni ngazi ya kwanza hadi ya tatu. Baada ya hapo kuna cheti na stashahada, ngazi ya nne hadi ya sita, kisha shahada. Kuingia ngazi ya nne vyuo vingi vinataka ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne, masomo ya dini hayahesabiwi, na vipo vinavyopokea mwenye cheti cha ufundi stadi ngazi ya tatu. Chuo cha Ufundi Arusha, kilichofunguliwa 1978 kwa msaada wa Ujerumani Magharibi, kinabeba ngazi hizo mpaka shahada ndani ya geti moja. Kina pia kituo Kikuletwa, wilayani Hai, cha nishati jadidifu, palipo na mitambo ya umeme wa maji ya kujifunzia. Tangu mwaka wa masomo 2023/2024 mikopo ya serikali imeanza kufika hata kwa wanafunzi wa stashahada kwenye fani za kipaumbele.

Kwa hiyo usimruhusu mtoto adharau masomo ya jumla kwa kuwa “yeye ni wa ufundi”. Nimeona mafundi wazuri sana wamekwama ngazi ya tatu kwa ajili ya Kiingereza na Hisabati za kidato cha nne.

Gharama ikoje?

Sekondari ya serikali haina ada: kidato cha kwanza hadi cha nne tangu 2016, cha tano na sita tangu 2022. Vyuo vya VETA kwa kozi ndefu vimekuwa kwa miaka mingi vikitoza 60,000 kwa mwaka kwa wa kutwa na 120,000 kwa wa bweni. Usifurahi upesi. Ada si gharama. Kuna ovaroli, buti, zana binafsi, chakula, na kuna nauli. Kijana wa Uru au Old Moshi anayeshuka mjini kila siku na kurudi anamaliza ada ya mwaka mzima kwa daladala na bodaboda kabla muhula wa kwanza haujaisha. Nimesikia wengi wakiacha chuo, na wanaposimulia sababu, nauli na chakula vinatajwa kabla ya ada.

Upo pia mpango wa serikali wa kukuza ujuzi kupitia Ofisi ya Waziri Mkuu, unaowalipia vijana mafunzo ya uanagenzi vyuoni. Nafasi hutangazwa. Ziulizie kwa ofisa maendeleo ya jamii wa kata, usisubiri ziletwe na kijumbe.

Nina haki ya kuchagua shule ya serikali ninayoitaka?

Kwa kidato cha kwanza, kwa kiasi kidogo sana. Mtoto anapangwa baada ya matokeo, na wengi huenda shule ya kata iliyo jirani. Wenye ufaulu wa juu zaidi hupelekwa shule za bweni, za vipaji maalumu au za ufundi. Ukitaka tofauti unaomba uhamisho, na uhamisho unategemea nafasi na mkuu wa shule anayempokea.

Kwa anayemaliza kidato cha nne uhuru ni mkubwa kuliko wazazi wanavyodhani. Kuna fomu ya Selform ya TAMISEMI ambayo mwanafunzi hujaza tahasusi, yaani mchanganyiko wa masomo ya kidato cha tano na sita, na vyuo anavyovitaka, na baada ya matokeo hupewa muda wa kubadilisha. Mwaka 2024 tahasusi ziliongezwa zikafika 65. Watoto wengi hujaza fomu hiyo kwa kunakiliana dawati kwa dawati. Keti naye jioni moja mbele ya simu, mpitie pamoja, hata kama wewe hukufika huko.

Na mkoa huu wa Kilimanjaro hauna ugeni na kuchagua shule. Kahawa ilipokuwa na bei, na KNCU, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa kilichoundwa 1933, kikiwa na nguvu, watu wa mlimani walichangishana kujenga madarasa, na makanisa yakafanya yao. Miaka ya 1980, nchi ilipokuwa na sekondari za kuhesabu, Kilimanjaro ilijaa shule za wananchi. Tulichagua, tena kwa fedha zetu. Ila tulichagua kitu kimoja tu: shule ya kalamu. Sikumbuki mlima ukichangia ng'ombe kwa ajili ya mashine ya kuranda mbao.

Kwa nini serikali isitupe vocha, kila mzazi apeleke mtoto anakotaka?

Wazo hili ni la zamani. Mchumi wa Marekani Milton Friedman aliliandika 1955: serikali ilipie elimu, lakini fedha zimfuate mtoto, ziwe za shule ya umma au ya binafsi. Chile ililikumbatia 1981. Shule binafsi zenye ruzuku ziliota kila mahali, na kadiri miaka ilivyokwenda zikabeba zaidi ya nusu ya wanafunzi. Shida ikawa zile zilizoruhusiwa kuchuja watoto na kuongeza ada juu ya ruzuku: wenye uwezo wakakaa peke yao na maskini peke yao. Wanafunzi waliandamana kwa maelfu 2006, na 2015 ikapitishwa sheria ya kuondoa uchujaji, ada za nyongeza na faida katika shule zinazopokea ruzuku. Uswidi ilianza 1992 kwa masharti tofauti, baadaye ikakataza ada ya nyongeza, na mpaka leo wanabishana kuhusu makampuni yanayopata faida kwa fedha za shule.

Sasa tuje kwetu. Ruzuku ya uendeshaji iliyopangwa kwa mwanafunzi wa serikali ni shilingi 10,000 kwa mwaka msingi na 25,000 sekondari. Hebu igeuze hiyo kuwa vocha. Haitanunua ovaroli na buti, sembuse nafasi kwenye shule ya binafsi Njiro. Na mama wa Karatu vijijini mwenye shule moja tu ya kutembea kwa miguu, ukimpa vocha ataipeleka shule ileile.

Mimi ningeanza kwingine. Ningechukua shule nne au tano za kata zilizo jirani nikazipa karakana moja nzuri yenye walimu wawili waliokamilika, watoto wakapokezana siku kwa siku, na fedha ya vocha nikaifanya nauli. Wilaya zinazojengewa vyuo vya VETA, katika ule mpango ulioanza 2023 wa vyuo 64, zingeweza kuanza hata kesho, maana mashine za chuo hazifanyi kazi saa zote.

Wenzetu Ujerumani wanafanyaje, na linawezekana hapa?

Kule kijana ana mkataba na mwajiri. Siku kadhaa za wiki yuko kazini akilipwa posho, siku nyingine yuko shule ya ufundi, kwa miaka mitatu hivi, na fani zinazotambuliwa ni zaidi ya 300. Mwajiri anahusika kutunga mafunzo na kutahini. VETA wamelijaribu kwa jina la uanagenzi pacha, wakishirikiana na wadau wa Ujerumani.

Linawezekana hapa kwa sababu nusu yake tunayo. Pita Unga Limited, Arusha, asubuhi uone gari la utalii likirefushwa. Toyota Land Cruiser inakatwa, chesisi inaongezewa kipande, inapimwa kwa futi, kwa kamba, kisha kwa jicho la fundi mkuu akiwa amepiga goti, halafu ndipo inachomelewa. Paa linatolewa na kuwekwa la kunyanyuka ili mgeni asimame aone simba. Kisha puti, msasa, rangi. Kijana anayeshika grenda pale aliishia la saba, lakini akiligonga bati kwa ukucha anakwambia unene wake. Asichokijua ni kusoma mchoro, na kwa nini kiungo kisichoimarishwa kwa bamba la ndani kitapasuka gari likianza kupiga makorongo ya Serengeti. Hayo anayajua mwalimu wa chuo, ambaye pengine hajawahi kukata Land Cruiser hata moja. Wote wawili wako mji mmoja. Kilichokosekana ni mkataba unaosema kijana ashinde wapi siku gani, nani anamlipa chakula, na nani anabeba bima akikatwa kidole.

Mdogo wangu ana miaka mingi gereji, hana cheti. Aanze upya?

Asianze. VETA wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Anajaza fomu, anapimwa kwa vitendo na kuhojiwa, mapungufu yakionekana anapewa mafunzo mafupi, akifuzu anapata cheti. Umefanyika kwa waashi, maseremala, mafundi magari, wapishi na wengine. Aende ofisi ya VETA akiwa na barua ya anakofanyia kazi na picha za kazi zake. Cheti hicho kinampa nafasi ya kuomba kazi kwenye kampuni za utalii, viwandani kama kile cha sukari cha TPC kule Arusha Chini, na kwa wakandarasi wanaotakiwa kuonyesha mafundi wenye vyeti.

Binti yangu alipata mtoto akaacha shule. Kuna mlango?

Ipo milango miwili. Wa kwanza ni shule yenyewe: Waraka wa Elimu Na. 2 wa 2021 unamruhusu kurudi mfumo rasmi. Akiambiwa vinginevyo na yeyote, taja waraka huo kwa namba yake. Wa pili ni Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, ambavyo viko 54 nchini. Karibu nasi kuna Msinga hapa Moshi, Mamtukuna kule Rombo, na Same. Kupitia programu ya Elimu Haina Mwisho, wasichana walioacha masomo husoma sekondari pamoja na ufundi, na watoto wao hulelewa hapohapo chuoni.

Na asisukumwe kwenye ushonaji kwa kuwa tu ni msichana. Mchomeleaji au fundi umeme wa kike ana soko lake; wapo akina mama wanaopendelea fundi wa kike akiingia nyumbani baba hayupo.

Nitajuaje chuo binafsi si cha kitapeli?

Angalia usajili wake kwenye orodha ya NACTVET, si kwenye bango. Kisha nenda siku ya kazi bila taarifa. Karakana yenye kazi ina harufu, ina vumbi la mbao au chuma, ina kitu kilichoachwa nusu juu ya meza. Ukionyeshwa mashine zinazong'aa bado zina nailoni, aga uondoke.

Kikao cha wazazi ni wiki ijayo. Niulize nini?

Uliza mwalimu wa fani ana cheti gani na amewahi kufanya kazi hiyo nje ya darasa. Uliza ni wanafunzi wangapi kwa mashine moja, na saa ngapi kwa wiki mtoto anashika kifaa kwa mkono wake. Uliza fungu la vifaa vinavyoisha, kama waya, mbao, vyuma na gesi, linatoka wapi, kwa sababu hapo ndipo michepuo ya zamani ilipokufia. Uliza watafanya mafunzo kazini wapi, na kama kuna gereji au hoteli iliyokwisha kukubali kwa maandishi. Mkuu wa shule akisema hana majibu yote leo, si kosa lake. Omba yaandikwe kwenye muhtasari wa kikao, na jina la atakayeyaleta.